Kipima unyevu cha shilingi 300: miezi kumi kwenye roshani yangu Tudor

Mimi ni fundi wa friji na AC, na sehemu kubwa ya siku yangu hupita nikifungua bodi za elektroniki zilizoliwa na chumvi. Mashine ya nje ikifungwa upande unaotazama bahari, pale Nyali au Shanzu, haipiti miaka mingi kabla mapezi yake, vile vibati vyembamba vya kupozea, hayajaanza kubomoka ukiyagusa kwa kidole, na kwenye bodi kila mguu uliolehemiwa umevaa ukungu wa kijani. Kwa hivyo niliposikia watu wakisifu vipima unyevu vya kapasita, vile vyeusi vya kuchomeka kwenye udongo vilivyoandikwa v1.2, swali langu lilikuwa moja tu: kitu hiki kitaishi muda gani Mombasa? Nilivinunua vitatu mwezi wa Septemba. Sasa Julai inaisha na nina jibu.

Nitangulize mahali penyewe. Tunakaa ghorofa ya tatu, Tudor, hapa Mombasa, mimi na mama. Roshani ya nyuma inapata jua la asubuhi mpaka kwenye saa saba, baadaye kivuli cha nyumba ya pili kinaingia. Nina ndoo sita za rangi, zile za lita 20, nimezitoboa chini. Nne ni za pilipili mbuzi, mbili za tungule. (Kwetu nyanya ni mama yake mama, kinachokatwa kachumbari ni tungule.) Udongo ni mwekundu wa kununua kwa wauza miche wa barabarani, samadi ya mbuzi, na makumbi ya nazi niliyoyakatakata. Makumbi hayo yaosheni vizuri kabla ya kuyatumia, maana mengi yamefukiwa pwani kwa ajili ya usumba wa kamba, na chumvi ya bahari imo ndani. Mimi niliyaloweka mara mbili na kumwaga maji yake.

Nilitafuta njia ya mimea kujinywesha kwa sababu kazi yangu haina saa. Leo niko Bombolulu, kesho nimevuka feri kwenda Diani na huenda nikalala huko siku mbili kama ni kazi ya hoteli. Mama magoti yamemchoka, siwezi kumwachia kubeba mitungi. Na maji yenyewe ni habari ndefu. Ya mfereji huja kwa zamu, ya kisima ni ya chumvi. Mkokoteni ukileta mitungi, maji hayo ni ya kupikia na kunywa, si ya kumwagia ndoo za pilipili.

Maji ninayotumia ni ya AC. Mashine ya chumba cha mama, ya BTU 12,000, siku ya Machi yenye jasho hunijazia ndoo ya lita 10 kabla ya magharibi. Ni unyevu wa hewa uliogusa koili baridi ukageuka maji, kwa hivyo hauna chumvi. Kila siku naona majumbani mpira wa AC ukidondosha maji hayo ukutani, ukuta unaota kuvu, na chini mtu anapita analowa, na katika nyumba hiyohiyo wanalipia mtungi. Mimi mpira wa kwetu nimeuelekeza kwenye pipa la lita 60 lililokaa juu ya matofali pale roshani, kimo cha kiuno. Ila koili isafishwe na chujio lioshwe, kwa sababu maji yatatoka na uchafu wowote uliomo ndani. Na msiyanywe.

Sasa bidhaa.

Kabla ya hivi vyeusi nilijaribu kile cha miguu miwili kinachong'aa, cha shilingi 150. Kinafanya kazi kwa kupitisha umeme kwenye udongo kutoka mguu mmoja hadi wa pili: udongo ukilowa, umeme unapita kwa wepesi. Ni wazo rahisi, na ndilo linalokiua. Umeme ukipita majini unakula chuma, na palipo na chumvi unakula kwa kasi zaidi. Wiki ya tatu nilikivuta nikakuta mguu mmoja umebaki plastiki tupu, ule mpako wa shaba umekwisha kabisa, na udongo ulioushika umekuwa na rangi ya kijani-buluu. Shaba ile imeingia kwenye ndoo ya kitu ninachokula. Sitakirudia, hata nikipewa bure.

Hivi vya kapasita, yaani kipande kinachotunza chaji ya umeme, shaba yake haigusi udongo. Imezikwa ndani ya bodi chini ya rangi nyeusi, sahani mbili ubavu kwa ubavu, na udongo wa nje unakuwa sehemu ya kapasita. Maji yakiongezeka, uwezo wa kapasita unaongezeka, na volti inayotoka inashuka. Juu ya bodi pana saa ya 555, chipu ndogo ya kupiga mapigo ya umeme, ile ambayo Hans Camenzind aliichora mwaka 1971 kwa kampuni ya Signetics na ambayo fundi yeyote aliyeanza kwa kutengeneza taimari anaijua. Ndiyo inayopigisha kapasita hiyo mapigo mfululizo.

Na hapo kwenye 555 ndipo mnunuzi anaponaswa. Inayotakiwa ni TLC555, aina ya CMOS, inayofanya kazi hata kwa volti 2. Zimo sokoni bodi zinazofanana kama mapacha lakini zimewekewa NE555 ya kawaida, inayohitaji volti 4.5 kwenda juu, ilhali bodi yenyewe inaipa 3.3 tu. Ukikinunua hicho, kitakupa namba zinazotangatanga na utadhani kosa ni la programu yako. Duka nilikonunulia ni dogo, liko mjini, la vipuri vya elektroniki, na lina kijana mmoja mwenye subira. Aliniachia nitoe vyote kumi na vitano vilivyokuwa kwenye sanduku, nikavimulika kwa tochi ya simu na kukuza picha mpaka maandishi ya juu ya chipu yakasomeka. Vitano vilikuwa na NE. Akavitenga pembeni mwenyewe, akaniambia, "Hivi, fundi, sikujua. Hebu nionyeshe tena unapoangalia." Kwa huduma hiyo nitarudi kwake.

Kuna kasoro ya pili ambayo jicho halioni. Kwenye baadhi ya bodi rezista ya megaomu moja iliyo mwisho wa saketi haikuunganishwa na ardhi ya saketi (waya wa GND, si udongo). Kipima kinasoma, lakini kikitoka kwenye maji kinachukua muda mrefu namba kurudi juu, kama mtu mzito wa kuamka. Chukua mita ya kupimia saketi, pima kati ya waya wa ishara na ule wa ardhi. Ikionyesha karibu megaomu moja, kizuri. Isipoonyesha kitu, rudisha. Kati ya vile kumi vya TLC, viwili vilikuwa hivyo. Nikachukua vitatu katika vinane vilivyobaki, shilingi 300 kila kimoja.

Nimeviunganisha na bodi ya ESP32, kompyuta ndogo ya kampuni ya Espressif, kwa sababu ina wifi ndani na inageuza volti kuwa namba kuanzia 0 hadi 4095. Tumieni pini za 32 hadi 39 kusomea. Zile nyingine za kusoma volti hazisomi wifi ikiwa imewashwa, na mimi nilipoteza Ijumaa nzima nikibadilisha waya zisizo na makosa. Pampu ni ya volti 12, betri ni ya Ah 7 niliyoitoa kwenye king'ora cha zamani, ili stima ikipotea mimea isikose maji. Diodi ya 1N4007 mgongoni mwa pampu, na bodi ipewe kibadilisha volti chake yenyewe, la sivyo kila pampu ikianza bodi inazima na kuwaka upya. Hayo yote ni mambo ya jioni mbili.

Kilichonichukua muda ni namba. Muuzaji alinipa karatasi ndogo inayosema chini ya kiasi fulani ni maji, juu ya kiasi fulani ni ukavu. Itupeni. Kipima changu cha kwanza hewani kilisoma 2710 na ndani ya gilasi ya maji 1240, cha pili kilipishana nacho kwa zaidi ya mia moja. Kisha nikachukua vikopo viwili vya udongo uleule, uzito uleule, nikakimwagia kimoja maji ya AC na kingine maji ya kisima, kiasi kilekile. Cha AC kikasoma 1620, cha kisima 1480. Yaani chumvi inakifanya kipima kiseme udongo umelowa kuliko ulivyo. Nilirudia mara tatu kwa sababu sikutaka kuamini, na kila mara ikawa hivyo. Kwa sisi wa pwani jambo hili ni kubwa. Ukinywesha kwa maji ya chumvi, chumvi inabaki kwenye ndoo maji yakikauka, wiki baada ya wiki, na kipima kinazidi kukuambia udongo una maji huku mmea wasinyaa. Mimi mara moja kwa mwezi nazinywesha ndoo zote kwa mkono maji ya AC mpaka yatoke chini kwa wingi, ili chumvi ya mbolea nayo ioshwe.

Kwa pilipili nilianza na 2050: ikipanda hapo, pampu iwake sekunde 20, isubiri dakika kumi, ipime tena. Kusubiri ni lazima. Maji yanahitaji muda kushuka, na kipima kikisoma papo hapo kitadanganywa na udongo wa juu.

Mahali pa kukichomeka pia nilipatafuta kwa makosa. Kikiwa karibu na tundu la mpira, kinalowa kwanza na kuzima pampu huku upande wa pili mkavu. Kikiwa kimelegea na pana hewa kati yake na udongo, kinasema pakavu siku zote na ndoo inafurika. Sasa nakiweka katikati ya shina na ukingo, upande wa pili wa mpira, na nabana udongo kwa vidole viwili kukizunguka.

Nililipoteza shina moja la pilipili, kubwa, la miezi minane, na sababu haikuwa kipima. Pipa liko juu kuliko ndoo. Pampu ikizima, maji yalikuwa yakiendelea kujivuta yenyewe kwenye mpira, kama mtu anavyovuta petroli kwa mdomo na kisha inashuka yenyewe. Nilikuwa Diani. Nimerudi siku ya pili, pipa tupu, sakafu ya roshani maji, na ile pilipili ya mwisho wa mstari majani yamelala kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Mtu angeona majani yale angekimbilia kuongeza maji. Nilipochimbua mizizi ilikuwa ya kahawia, ikabanduka ganda mkononi na kubaki uzi, na ilinuka. Dawa yake ni ndogo: mpira uupandishe juu kuliko usawa wa maji ya pipa, na hapo juu kabisa kwenye pindo utoboe tundu la sindano. Pampu ikizima, hewa inaingia na maji yanakatika. Hakuna duka lililoniambia hilo wakati nikinunua pampu, na waliokuwa na pampu za kuuza walikuwa watatu. Lingeandikwa kwenye kila boksi.

Sasa nirudi kwenye swali langu la chumvi, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Udhaifu wa kipima hiki uko kwenye kingo. Uso wa bodi umepakwa rangi, lakini pale kilipokatwa pembeni ni nyuzi za kioo tupu, hazikupakwa kitu. Maji yanaingia hapo polepole, kama yanavyoingia kwenye ubao usiopigwa rangi mwishoni. Na sehemu ya juu yenye vipande vya elektroniki iko wazi kabisa, haina kifuniko, kana kwamba mtengenezaji hakutarajia mtu amwagie mmea maji. Hili ndilo lalamiko langu kuu, na sioni sababu ya kulifunika. Kitu kinachouzwa kwa kazi ya maji kitoke kiwandani kimezibwa.

Vitatu vyangu nilivitendea tofauti. Cha kwanza nilikiacha kama kilivyotoka dukani. Cha pili nilikipaka kingo rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, mikono mitatu. Cha tatu nilikichovya kwenye vanishi ya mota, ile tunayopakia koili tukisuka upya, nikakianika siku mbili, kisha sehemu ya juu nikaivalisha mpira wa kubana kwa joto na kuziba mdomo wake kwa silikoni.

Cha kwanza kilianza kupotea katika mwezi wake wa tatu udongoni. Hakikufa ghafla, na huo ndio ubaya wake. Namba zilikuwa zikishuka kidogo kidogo, na katika mwezi wake wa nne kikakwama kwenye 1500 na kitu, kikavu au kimelowa. Kwa bodi, 1500 ni udongo wenye maji tele, kwa hivyo pampu haikuwaka. Ni mama aliyeona. Alinipigia simu niko kazini: "Mwanangu, ile mashine yako yasema nini? Maana pilipili ya mlangoni imeinama." Nikafungua simu, grafu ilikuwa mstari ulionyooka siku tatu nzima. Udongo hai haukai hivyo. Mchana unashuka, usiku unatulia, grafu yake ina ngazi. Tangu siku hiyo nimeongeza mistari michache kwenye programu: namba isipobadilika kwa saa 24, nitumiwe ujumbe, na pampu itoe sekunde 20 kwa vyovyote.

Nilipokitoa nikakiosha, kingo zilikuwa zimevimba. Ukipitisha ukucha unahisi tumbo, kama mkate uliolowa. Kwenye ncha rangi nyeusi ilikuwa imeinuka kipande cha ukubwa wa punje ya mpunga, na chini yake shaba imeshakuwa kijani, kijani kilekile ninachokiona kila wiki kwenye bodi za Nyali. Cha rangi ya kucha kilifika miezi saba na nusu kabla namba hazijaanza kuteremka. Rangi ilikuwa imebanduka pembe moja, na pembe hiyohiyo ndipo maji yalipoingilia. Cha vanishi ya mota bado kimo kwenye ndoo hivi ninavyoandika. Nilikitoa wiki iliyopita, nikakifuta, nikakipima hewani: 2695. Siku ya kwanza, baada ya vanishi kukauka, kilikuwa 2700. Kwangu mimi hiyo ni alama kamili, na nusu ya alama ni ya vanishi.

Pilipili zimefanya vizuri mno. Pilipili mbuzi ni mmea wa joto na unyevu, hapa upo kwao. Mbegu ziliota siku ya tisa, na miche mitatu iliyobaki imenipa zaidi ya mama anavyoweza kuzitia achari. Inzi weupe walikuja Januari chini ya majani, nikawapiga na maji ya majani ya mwarobaini yaliyolowekwa usiku kucha, na sabuni kidogo, jioni, mara moja kila siku tano. Walipungua. Sijawamaliza.

Jambo moja la pilipili sikulitarajia. Mwezi wa Februari mama aliweka achari yake ya ndimu, chupa mbili, akaianika juani kama kawaida. Siku ya kuonja akanyamaza, akaonja tena.

"Hizi pilipili zako siku hizi zina nini? Zang'ara, lakini haziumi."

"Nazinywesha vizuri, mama. Hazikosi maji hata siku moja."

"Basi zinyime kidogo."

Alikuwa sawa. Ukali wa pilipili unakaa kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, na mche unaobanwa maji kidogo hutengeneza ukali zaidi kuliko unaodekezwa. Nilipandisha kiwango kutoka 2050 hadi 2250, yaani udongo ukauke zaidi kabla ya pampu kuwaka, matunda yakishaanza kujaa. Majani yanalegea kidogo saa sita mchana na kusimama tena jioni. Tunda ni dogo kuliko lile la Januari. Chupa ya Mei ilimfanya mama ajifute jasho, na alifurahi. Kipima kinachokuruhusu kumnyima mmea maji kwa kiasi unachokijua, bila kumuua, kina thamani kwangu kuliko kinachokuruhusu kumjaza tu.

Kwa tungule nina maneno magumu zaidi. Ukinunua kipima hiki kwa ajili ya tungule peke yake, subiri kwanza. Nilipanda tungule za aina ya Cal J mwezi wa Novemba, kaskazi inaanza. Majani yakanawiri, maji hayakukosekana saa moja, grafu ilikuwa ya kupendeza kuitazama. Januari maua yakaja kwa vishada. Kila ua lilikaa siku mbili tatu, kisha kile kifundo kidogo kwenye kikonyo, kama goti, kikageuka njano, na ukiligusa lilidondoka hapo kwenye goti. Nilihesabu yaliyodondoka sakafuni asubuhi moja: 31. Tunda halikushika hata moja.

Niliweka kipima joto, nikaona saa kumi alfajiri roshani iko digrii 27. Zege linatunza jua la mchana na kulitoa usiku kucha. Tungule usiku ukizidi digrii 21 mpaka 24 au hivi, chavua yake inakosa nguvu, na ua lisilochavushwa mmea unaliacha lianguke. Maji hayahusiki. Nilitengeneza hata kitikisa-ua: mota ndogo ya mtetemo niliyoitoa kwenye simu mbovu, nikaigundisha kwenye ncha ya kalamu pamoja na betri mbili, naigusisha nyuma ya kishada saa nne asubuhi umande umekauka. Mwezi wa Februari haikusaidia kitu, huwezi kutikisa chavua iliyokufa.

Mbegu za pili nilizipanda katikati ya Aprili, ili maua yaangukie kusi. Juni usiku ulishuka hadi 22 na 23 kwa kipima changu, upepo unapita roshani mpaka nikazifunga tungule kwa vipande vya leso kuukuu zisivunjike, na maua yakashika. Hapo kalamu yangu ya mtetemo ikaonyesha kazi yake: vishada nilivyovitikisa vilishika matunda manne na matano, nilivyoviacha vilishika mawili, kimoja kikashika matatu. Hivyo kama una shilingi 300 na mbegu za tungule, tafuta mota ya simu mbovu na upande Aprili. Kipima kifuate baadaye.

Matunda tisa ya kwanza, mawili yalikuwa meusi kitakoni, duara kavu kama ngozi ya kiatu. Ni kalisi (madini yaliyomo kwenye chokaa) kukosa kufika, na maji ya AC hayana kalisi hata chembe, ilhali ndoo ina mipaka yake. Sasa tungule nimezipa pipa lao dogo: sehemu tatu za AC, moja ya kisima, kwa sababu kisima chetu kiko kwenye mwamba wa matumbawe na maji yake yana chokaa. Tungule inastahimili chumvi zaidi kidogo kuliko pilipili, kwa hivyo pilipili sizipi maji hayo kabisa. Na kiwango cha pampu kwenye ndoo za tungule nimekishusha hadi 1900, kwa maana kukauka na kulowa kwa kupishana nako huleta doa lile. Matunda yaliyofuata yako safi mpaka leo.

Hesabu ya pesa: vipima vitatu 900, bodi 1,100, relei (swichi ya kuwasha pampu) na diodi na kibadilisha volti 450, pampu 850, mpira na viungio 400. Betri na pipa nilikuwa navyo. Vanishi ni ya kazini, lakini mtu asiyekuwa nayo aende kwa msukaji wa mota yeyote pale Majengo na kikopo chake, wengi watamtilia kidogo kwa bei ya chai.

Nitanunua tena? Wiki hii nimeshanunua viwili, kwa kijana yuleyule, kuchukua nafasi ya vile vilivyokufa. Alikuwa ameshavitenganisha mwenyewe kabla sijafika, TLC sanduku lake, NE sanduku la kurudisha. Nilivipima vyote viwili kwa mita pale kaunta, nikavipeleka moja kwa moja karakana, na hivi sasa vimening'inia kwa uzi juu ya benchi, vanishi inakauka. Kesho kutwa vinaingia kwenye ndoo za tungule.